Jicho la Kujaribia

Majirani wangu wa mitaa ya Tassia, Fedha na Donholm, nanyi wazazi wenzangu tunaokutana kanisani na kwenye foleni ya maji, nipeni nafasi niwaeleze jambo lililotokea katika ploti yetu. Sikulisikia kwa mtu. Nilikuwapo, na katika sehemu moja ya jambo hili nina hatia. Mtaiona mtakapofika hapo, wala sitaificha.

Ilikuwa mwaka wa 1998, miezi michache baada ya mvua kubwa ya El Niño kukoma. Matope yalikuwa yamekauka na watu walikuwa wameanza tena kuvaa viatu vizuri. Nyuma ya ploti yetu palikuwa na banda la mabati ambamo wachongaji sita kutoka Ukambani walifanya kazi, na asubuhi za Jumamosi banda lile lilipendeza sana kulitazama. Wanaume walikaa chini, kila mmoja ameshika gogo lake kwa nyayo za miguu yote miwili, tezo zikipanda na kushuka. Wanawake walikaa upande wa jua wakisugua wanyama wa mti kwa msasa na kuwapaka rangi nyeusi ya viatu ili wang'ae. Mbinya, mke wa Ndambuki, alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Binti yao Ndanu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, aliwapanga swara waliokauka kwa urefu wao.

Ndambuki ndiye aliyekuwa bingwa wa banda lile. Wengine walichonga pembe za swara kando kisha wakazibandika kwa gundi. Yeye alizitoa katika gogo lile lile alimotoa mwili, nyembamba, zimejipinda, na hakuna aliyewahi kumwona akivunja hata moja. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mpole, mwenye mzaha mwingi.

Asubuhi hiyo tezo yake iliteleza ikamkata kidole cha mkono wa kushoto.

"Ee, bingwa!" Kiema, mchongaji mwenzake, alipiga kelele. "Leo unachonga vidole? Wazungu hawanunui hivyo!"

Banda zima lilicheka. Ndambuki naye alicheka, akaubana mkono wake kwenye shati. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Sikuuona huo mkono. Ulikuwa wapi?"

Mbinya aliacha kuimba. Aliinuka, akaja akachuchumaa mbele ya mumewe.

"Baba Ndanu, nitazame. Funika hilo jicho la kulia."

Akalifunika.

"Unaniona?"

"Nakusikia," alijibu, akitaka kutuchekesha. Lakini hakuna aliyecheka. Uso wake ulikuwa umegeukia mahali ambapo Mbinya hakuwapo.

Ndugu zangu, ndivyo tulivyogundua. Jicho la kushoto lilikuwa limekaribia kuzimika kabisa na mwenyewe hakuwa na habari, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa likimwonea yote. Halikumuuma. Halikuwa jekundu. Halikutoa machozi.

Jumatatu tulimpeleka hospitali, Mbinya na mimi. Sitaitaja kwa jina, kwa maana hospitali ile haikukosea lolote. Daktari wa macho aliitwa Wacera, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliyekuwa amerejea hivi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Alimtia Ndambuki dawa machoni, akampima kwa chombo, akamkalisha mbele ya mashine yenye vitaa vidogo na kumwambia abonyeze kila anapokiona kimoja. Mara nyingi vitaa viliwaka, naye Ndambuki ametulia tu, kidole kikisubiri.

"Ni glakoma," daktari alituambia. "Wengine huiita presha ya macho. Jicho hutengeneza maji yake lenyewe, na maji hayo yana mfereji wa kutokea. Mfereji ukiziba, maji hujaa, yakaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huanza kufa pembeni na kuingia ndani polepole. Sehemu iliyokufa haifufuki."

"La kushoto limebaki na nini?" Ndambuki aliuliza.

"Chembe tu, upande mmoja. La kulia limepoteza pembeni, lakini katikati ni zima. Hilo ndilo linalokupa kazi. Hilo ndilo tutakalolipigania."

Alipewa dawa ya matone. Kwa miezi miwili Mbinya alimtia asubuhi na jioni bila kukosa, lakini presha ilishuka kidogo tu. Ndipo daktari akatueleza kuhusu upasuaji mpya aliokuwa amejifunza huko ng'ambo. Upasuaji wa zamani, alisema, ulitoboa jicho mpaka ndani, na baadhi ya wagonjwa walipata matatizo kwa sababu maji yalitoka kwa ghafla. Huu mpya haukutoboa. Daktari angepunguza ukuta wa jicho tabaka kwa tabaka, kwa mkato mdogo sana, mpaka ukabaki utando mwembamba ambao maji yangeweza kuvuja polepole. Mgonjwa angekaa macho, ganzi imetiwa, na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Uso wa Ndambuki uling'aa. Jambo hilo lilikuwa lugha yake. "Unachonga mpaka karibu na upande wa pili, lakini hupasui," alisema. "Hiyo ni kazi ya mkono mwepesi, daktari."

"Nimeshawafanyia wagonjwa wanane. Tutaanza na la kulia."

"La kulia? Hapana." Alitikisa kichwa kwa heshima. "Utanisamehe, daktari. Mchongaji akinunua patasi mpya haanzii kwenye mpingo siku ya kwanza. Huijaribu kwenye kipande cha kutupa. Chukua la kushoto. Nikiona limefaulu, nitakuletea la kulia mwenyewe."

"Mzee, jicho si mti. La kushoto hata nikilifanyia kazi nzuri namna gani, utaona nini? Hakuna mengi ya kulinda humo."

"Ndiyo maana nakupa hilo. Likiharibika, sijapoteza."

Walivutana karibu nusu saa. Daktari alichora jicho kwenye karatasi. Alimwomba Mbinya aseme neno, naye Mbinya akatazama chini, kwa kuwa kwetu mke hampingi mumewe mbele ya mgeni. Mimi pia nilinyamaza. Na kweli, wasomaji wangu, nani kati yetu angefanya vingine? Nani humpa mtu mkate mzima wa kuonja wakati kuna kipande? Mwishowe daktari alikubali. "Afadhali moja kuliko kukosa yote mawili," alisema. "Lakini nakuandikia tarehe ya la kulia leo hii, wiki sita baada ya hili. Usiikose." Akampa Mbinya kijikaratasi cha maelezo, kimeandikwa kwa Kiswahili.

Upasuaji ulifanyika. Ndambuki alirudi jioni na bendeji jichoni, akila ugali kama kawaida. Siku ya pili bendeji iliondolewa, presha ikapimwa, na daktari akafurahi sana: ilikuwa imeshuka hadi pale alipotaka. Lakini Ndambuki alipolifunika jicho la kulia akajaribu kuitazama dunia kwa lile la kushoto, aliona chembe ile ile ya mwanga, upande ule ule. Hakuna kilichoongezeka.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Jumapili, baada ya ibada.

Katika ploti yetu alikaa Mzee Phares Gitonga, dereva mstaafu kutoka Nyeri. Mwaka uliotangulia alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na tangu siku hiyo hakukuwa na ibada, matanga wala harusi ambayo hakusimulia habari zake. Alikuja kumjulia hali Ndambuki. Alikuwapo pia Munyao, mdogo wake Ndambuki, anayeendesha lori la kampuni moja na kuishi Fedha.

"Haya, Mkamba, unaniona?" Mzee Gitonga aliuliza, akipunga mkono mbele ya jicho lililopasuliwa.

"Naona kitu kinacheza."

"Kitu! Mimi nilipofunguliwa plasta asubuhi yake niliona mpaka viroboto wa kuku wa jirani. Nikamtazama mama watoto nikauliza, 'Huyu mzee wa watu ni nani?' Akaninyima chakula siku mbili!"

Nyumba nzima ilicheka. Ndambuki pia alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa ukisugua goti.

"Kaka," Munyao alisema, "huyo daktari alikuwa anajifunzia kwako. Ashukuriwe Mungu ulimpa lile bovu."

"Ameniambia limefaulu," Ndambuki alisema.

"Limefaulu na huoni? Lori likirudi kutoka gereji bado haliwaki, fundi akikwambia limefaulu utamwelewaje?"

Mbinya hakuwa akijua kusoma. Alitoa kile kijikaratasi ndani ya Biblia, akanikabidhi mbele ya watu wote. "Mama Caleb, wewe uko darasa la ngumbaru. Tusomee, tujue daktari alisema nini hasa."

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na nusu katika darasa hilo la watu wazima. Niliweka kidole chini ya maneno nikasoma kwa sauti, neno baada ya neno: "Upasuaji huu hautamrudishia mgonjwa uwezo wa kuona aliokwisha kuupoteza. Unalinda ule uliobaki."

Kisha Mzee Gitonga akapasuka kwa kicheko.

"Mama Caleb, rudi darasani! Upasuaji gani huo usiomfanya mtu aone? Mwambie mwalimu akurudishie karo!"

"Lakini hatulipi karo," nikasema, na kicheko kikazidi.

Munyao alifuta machozi ya kucheka. "Mama Caleb, soma tena polepole. Pengine ni 'utamrudishia.'"

Niliitazama karatasi. Niliona wazi kabisa neno "hautamrudishia." Lakini wote walikuwa wakinitazama, watu waliosoma tangu utotoni, ingawa hakuna hata mmoja aliyeiomba karatasi ajisomee, nami nilikuwa mama wa miaka thelathini na sita aliyeanza juzi kushika kalamu. Nikaona aibu. Nikasema, "Labda nimekosea. Herufi zenyewe ni ndogo."

Sikuwa nimekosea. Hiyo ndiyo hatia niliyowaambia.

Mbinya alikirudisha kijikaratasi ndani ya Biblia. Ndambuki akasema, "Basi. Kifaa hakikufaa. La kulia halitaguswa."

Tarehe ya daktari ilipita. Wiki mbili baadaye hospitali ilimtuma muuguzi aitwaye Phelister, akaulizia ploti kwa ploti mpaka akatupata. Ndambuki alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai.

"Dada, msijisumbue, mimi naona. Ile kalenda ukutani inaonyesha tarehe ishirini na sita. Na ile picha ni ya ziwa lenye ndege."

Phelister alikuwa ameinuka taratibu na kwenda kusimama karibu na mlango. "Kalenda iko mbele yako, mzee. Mimi je, niko wapi?"

Ndambuki alianza kuzungusha kichwa, kidogo kidogo, kutoka kwenye kiti alichodhani Phelister bado amekikalia, kupita meza, kupita kabati, mpaka akampata. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kwa aibu.

"Uko hapo," alisema kwa ukali. "Na mlango uko hapo hapo."

Sikuwahi kumsikia akimfukuza mgeni kabla ya siku hiyo. Phelister aliweka kikombe chini. Alipopita karibu nami uani aliniambia, "Mama, huyu ana mwaka mmoja. Akibahatika, miwili." Nilimweleza Mbinya. Mbinya alimweleza mumewe, naye akasema waganga wote hutisha watu ili wapate kazi.

Dawa ya matone ilimwasha, na kwa kuwa haikumfanya aone vizuri zaidi, aliiacha pia. Tulimwombea. Siku za maombi alijisikia vyema, naye alishuhudia mbele ya kanisa kwamba jicho lake la kulia ni zima. Hakuwa akisema uongo. Kile alichokitazama alikiona. Kile asichokiona hakujua kipo.

Mwaka wa 1999 ulipoanza alikuwa akichonga kwa kuinamisha kichwa huku na huku kama kuku anywaye maji. Kufikia Agosti alikuwa amewavunja swara watatu kwenye pembe. Wenzake walimpa vijiko vya saladi, kazi ya wanaoanza, na Kiema, ambaye hakuwahi kukosa mzaha, hakuupata wa siku hiyo. Ndambuki alivichonga vile vijiko. Jioni moja aliingia jikoni kwangu, akaketi, akaanza kuzungumza habari za shule ya Ndanu, mpaka nilipomjibu akashtuka. Alidhani ameingia kwake, na mimi ni Mbinya.

Ilikuwa Desemba, wakati kila mtu mtaani alikuwa akibishana kama dunia itakwisha mwaka wa elfu mbili utakapoingia. Asubuhi moja Ndambuki aliamka akamwambia mkewe afungue dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa chumbani.

Tulirudi kwa Daktari Wacera, watu wale wale watatu. Hakutukaripia. Nilitamani angetukaripia. Alimpima jicho la kulia kwa muda mrefu, akaongeza taa, akamuuliza kama anaiona.

"Iwashe kwanza," Ndambuki alisema.

Ilikuwa imewashwa.

Kisha akalipima la kushoto. Akaangalia faili ya mwaka uliopita, akalipima tena. "Presha ya hili bado iko chini," alisema. "Nyoosha mkono upande wako wa kushoto, mzee. Chezesha vidole. Unaviona?"

"Naviona. Kama kivuli."

"Siku ile nilipolipasua uliviona hivyo hivyo. Halijapoteza hata chembe."

Mbinya alishika ukingo wa meza. Mimi nilielewa mara moja, na nadhani Ndambuki alielewa kabla yetu sote, kwa sababu aliinuka kitini.

"Basi nifanyie la kulia. Leo. Ndiyo hili, nimekuletea."

"Mzee, hakuna kilichobaki humo cha kulinda."

"Daktari, nilikuahidi ningelileta. Si nimelileta?"

"Umelileta," daktari alisema, na sauti yake haikuwa ile ya taratibu tena.

Ndambuki alisimama pale katikati ya chumba, mikono mbele, asijue kiti kiko wapi. Aliuliza, "Kama ningekupa hili kwanza?"

"Siwezi kukuambia kwa yakini. Hakuna upasuaji usioshindwa." Alifunga faili. "Lakini lile ulilonipa, nimekutunzia."

Tulitoka. Ngazini Ndambuki alimwomba Mbinya asimame, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika mamake. Watu walipanda na kushuka wakitupita.

Wiki ile nilimwendea Mbinya. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu kama ninavyofanya mazoezi ya imla. Nikamwambia, "Mama Ndanu, siku ile ya kijikaratasi, nilisoma sawasawa. Niliona haya tu."

Alikuwa akikunja nguo. Hakuinua uso. "Nilijua ulisoma sawasawa," alisema. "Nilikuona ulivyoishika ile karatasi. Nami nilinyamaza."

Hatukuzungumza tena jambo hilo. Mwezi wa Januari walihamia kwao Mwala, yeye na mumewe na Ndanu. Mzee Gitonga aliwasaidia kufunga mizigo na hakusimulia hadithi yoyote. Siku hizi Mbinya huniambia, akija mjini, kwamba Ndambuki hukaa mlangoni ameelekeza ubavu wake wa kushoto nje, ili ile chembe ya mwanga imwonyeshe nani anapita. Huwa anamdhania mkewe kuwa binti, na binti kuwa mgeni. Hataki kupewa kipande cha mti mkononi. Wakimpa, hukiweka chini.

HAYA NDIYO MAFUNZO

Ndugu zangu, glakoma si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho akitolewa, mtu huona, na tunamshukuru Mungu kwa ajili ya Mzee Gitonga. Glakoma ikipasuliwa, hata kwa ufundi huu mpya wenye mkato mdogo, hakuna pazia linalofunguliwa. Kinachofanyika ni kuuzuia wizi wa macho usiendelee. Kwa hiyo usiupime upasuaji huo kwa yale uliyoyaona kesho yake. Upime kwa yale utakayokuwa bado unayaona baada ya miaka mitano. Na daktari akisema tuanze na jicho lililo bora, mpe lililo bora. Ukimpa takataka, atakutunzia takataka.

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani kama mimi, usikubali kicheko kikufanye ukane kilichoandikwa. Waliosoma zamani wanaweza kuwa hawajasoma karatasi iliyo mkononi mwako.

Tena mjue kwamba ugonjwa huu hupita katika damu. Daktari alisema ndugu na watoto wa Ndambuki wote wapimwe. Ndanu amepimwa, na atapimwa kila mwaka. Munyao hajaenda. Nimemfuata Fedha mara tatu. Mara ya kwanza alisema ana safari ya Mombasa. Mara ya pili alinisomea namba ya gari lililokuwa mbali barabarani ili nijue anaona. Mara ya tatu mkewe aliniambia hayupo, na lori lake lilikuwa limesimama nje. Wewe unayeishi karibu naye, au unayefanya naye kazi, nakusihi umshike mkono umpeleke. Mimi amekataa kunisikiliza.